Maneno ya Nyuma ya Kava

Saa kumi ilipofika, Maximilla aliacha maharage aliyokuwa akiyachambua uani, akanawa mikono kwa sabuni ya mche, akaifuta kwa kanga mpaka ikakauka kabisa, maana kava la santuri halipendi mkono wenye maji. Akaingia ndani, akaitoa santuri ya Makere Jazz kwenye kitenge ilimofungwa, akaketi kwenye benchi karibu na dirisha, akaligeuza kava upande wa nyuma, penye maandishi. Bazilio mumewe alikuwa amelala chumbani, mlango umeachwa wazi ili asikie.

Hakuanza na sindano. Wanaoanza na sindano ni watu wa haraka, na Maximilla hakuwa na muda nao. Kwake yeye santuri husomwa kwanza, ndipo ikasikilizwa. Usipojua nani kashika nini, na siku ya kurekodi kulikuwa na jua au mvua, utasikia kelele tu. Akasoma kwa sauti, polepole, kama alivyosoma tangu usichana wake:

“Msikilizaji mpenzi, kabla hujashusha sindano tafuta kiti. Ulichoshika si sahani, ni vijana wa milima ya Makere waliosafiri juu ya magunia ya tumbaku ili wakuimbie. Wimbo wa tatu tuliurudia mpaka tukachoka, kwa sababu mvua ilikuwa juu ya bati, mwisho tukaamua mvua nayo ibaki humo. Mpuliza tarumbeta alikuwa na jino linamuuma. Ukitega sikio utalisikia.”

Hapo kwenye jino Maximilla alicheka, kama alivyocheka jana na juzi. Alikuja nchini akiwa mtoto anayejua Kirundi peke yake, na Kiswahili chake cha kusoma alikipata hapo, nyuma ya kava, akifuata sentensi kwa kidole. Zilikuwa sentensi tamu, tuseme kweli. Aliyeziandika alijua kazi. Hata vitu vya chini kabisa, vya herufi ndogo, jina la fundi mitambo, jina la mama ntilie aliyewalisha siku za kurekodi, Maximilla alivisoma bila kuruka, na akimaliza alijisikia ameshiba.

Alipofika kwenye majina ya wanabendi, wenye majina wakaja.

Nurudini mwimbaji alitangulia. Alikufa akiwa mzee anayetembelea mkongojo, lakini kava linasema “sauti changa ya Nurudini, miaka ishirini na miwili,” kwa hiyo aliingia ana miaka ishirini na miwili, suruali pana chini, akamwamkia Maximilla shikamoo. Reverien wa gitaa la bezi akafuata, akasalimia kwa Kirundi, mwiriwe, akaenda kuegemea ukuta wa upande wa jikoni. Yeye hakai kamwe. Kava linasema ukimwondoa Reverien nyumba inaanguka, naye hataki kuwa sababu. Wa mwisho alikuwa Saady wa ngoma, “kijana asiyejua kununa,” akitabasamu. Saady wa kweli alikuwa mtu wa kununa kuanzia asubuhi. Mjane wake aliwahi kuja kutoka Kitanga kumwona, akamtazama anavyotabasamu, akasema huyu simjui, akapanda bodaboda akarudi kwake.

Ndivyo walivyokuja tangu Nurudini azikwe, na majirani wa Heru Juu walishazoea. Mwenyekiti wa kitongoji aliomba tu wasisimame njiani. Waliotajwa na bado wako hai hawakuja. Yule wa tarumbeta yuko Uvinza, jino alishang'oa, na akisomwa huwashwa sikio basi. Wino wa mkono nao haukufaa kitu. Maximilla aliwahi kuandika kwa kalamu jina la marehemu mama yake chini ya mpiga ngoma, akasoma, akangoja mpaka chai ikapoa. Ni maandishi ya kiwandani tu yaliyoita watu, na yaliwaleta vile yalivyowaandika, si vile walivyokuwa.

Hilo ndilo lililomkosesha raha, kwa sababu Bazilio alikuwa anakufa. Daktari alisema moyo umepanuka, na Bazilio mwenyewe alijua, akipanda ngazi ya mlangoni alipumzika katikati. Na huyo Bazilio, aliyepiga gitaa la solo katika kila wimbo wa santuri ile, hakuwamo kwenye kava. Mahali pake palisomeka hivi: “Na hilo gitaa la solo, linalolia kama mtu aliyepotezana na ndugu yake mnadani, ni la Hilali wa Kibondo.”

Hilali hakuwa mwizi siku ile, tusimsingizie. Bazilio wakati huo alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, na mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kwenye makazi bila kibali. Yeye alitoka bila kibali, amelala chini ya turubai la lori, kwa ajili ya gitaa. Hilali, mwenye vyombo vya bendi na mtoto wa muuza vitambaa, alimficha stoo kwa baba yake, akamlisha, akamwambia kila aliyeuliza kwamba ni binamu yake wa Ujiji. Kava lilipotaka kuchapwa, Bazilio mwenyewe ndiye aliyeomba asiandikwe, wasije wakamrudisha. Hilali akajiandika yeye. Lilikuwa jina la kumfunikia mtu, la muda, mpaka mambo yatulie. Kupiga gitaa hakujua. Alijua kuandika, na maneno yote yale matamu ya nyuma ya kava ni yake, ingawa hakutia saini.

Mambo yalitulia. Bazilio akapata uraia, akalima mihogo na maharage, akamzaa Aline akamwoza, akazeeka. Jina halikurudishwa. Kibondo nzima ilimwita Hilali Mzee Solo, na watoto wa shule walipelekwa dukani kwake kumsikiliza akisimulia. Kila mwaka Bazilio alipopita kumsalimia alipewa sukari na kitenge cha kumpelekea mkewe, akashukuru, wakaagana vizuri. Kuuliza hakuuliza. Kwa akina Bazilio mtu aliyekuficha haambiwi rudisha. Unakaa mbele yake, mikono magotini, unangoja aseme mwenyewe.

Mwaka huu kukaja habari. Vijana fulani wa Dar es Salaam wapenda miziki ya zamani walitaka kuitoa upya santuri ya Makere Jazz, na walikuwa wamemwomba Mzee Hilali aandike maneno mapya ya nyuma. Firdausi, mjukuu wake anayeuza dukani, ndiye aliyepiga simu kueleza, kwa furaha kabisa. Maximilla alimshukuru, akaingia chumbani.

“Baba Aline,” akasema, “twende Kibondo ungali unaweza kukaa kwenye gari.”

“Ego, twende,” akaitikia mumewe, akatafuta viatu. Alitoa sharti moja tu: kule Maximilla asiseme kitu.

Walipanda bodaboda mpaka Kasulu mjini, Bazilio katikati, amebanwa asianguke, kisha wakapata Hiace. Njia nzima Bazilio alipumua kwa mdomo. Makere alipoiona dirishani alijiinua kidogo, akaitazama mpaka ikaisha, akaegemea tena. Maximilla alikuwa akiomba kimoyomoyo, na ombi lake halikuwa refu. Aliomba pumzi ya mumewe itoshe kusema jambo moja.

Mzee Hilali aliwapokea vizuri kupita kiasi. Aliwakalisha kwenye makochi ya sebuleni nyuma ya duka, Firdausi akaleta chai ya maziwa na maandazi. Alimwita Bazilio ndugu yangu na Maximilla shemeji. Mambo ya Heru Juu yalikuwa yakimfikia siku zote, ya Nurudini, ya Reverien na ukuta, na yeye mwenyewe sikio la kushoto lilimwasha kila jioni Maximilla akisoma. Alijua wamefuata nini. Aliongea sana hata hivyo, akaeleza karatasi itakavyokuwa nzito, rangi itakavyong'aa, picha ya mbele itakayotumika. Maximilla alimtazama mumewe. Bazilio alikuwa ameweka mikono magotini.

“Ndugu yangu,” Hilali akasema mwishowe, “wewe nikuandike vipi?”

Swali lililongojwa maisha mazima likaja hivyo tu, aliyeliuliza ana kikombe mkononi.

Bazilio alivuta pumzi, ikachelewa, ikafika. “Andika unavyoona wewe, Mzee Hilali,” akasema. “Wewe ndiye uliyenificha.”

Akaegemea kochi, ameridhika kabisa. Kwao adabu ndiyo hiyo. Anayeulizwa hivyo humrudishia neno mwenye nyumba, na mwenye nyumba husema kwa kinywa chake lile ambalo mgeni hakuweza kulisema. Bazilio hakuwaza hata kidogo kwamba mtu anaweza kurudishiwa neno akalitia mfukoni. Hilali alikulia mjini, na ama hakuijua adabu hiyo, ama aliijua akaona si lazima. Aliitikia kwa kichwa, akachovya andazi kwenye chai.

Maximilla akavunja sharti.

“Mpiga gitaa la solo,” akasema. “Maneno manne, shemeji. Ukiandika mengine atakuja na hayo mengine, na hatakuwa na njia ya kuyavua.”

Hilali aliitazama picha yake iliyotundikwa ukutani, ameshika gitaa, vidole vimekaa vibaya kwenye nyuzi. Dukani kulikuwa na mteja, akapaza sauti, shikamoo Mzee Solo, naye akaitikia marahaba bila kugeuka. Kisha akasema, “Nimesikia, shemeji,” akamwambia Firdausi awafungie sukari.

Waliporudi, Bazilio hakuamka tena kitandani ila kwa kuinuliwa. Miguu ilivimba. Alilala amekaa, mgongo ameegemezea gunia la maharage, kwa sababu akilala chali hewa ilikataa. Alitulia lakini. Alikuwa mtu aliyesema alichopaswa kusema, akawa anangoja cha mwenzake. Kila siku alimuuliza mkewe kama kava limefika, kwa sababu alitaka kusikia kabla hajaondoka, ajue atarudi kama nani. Maximilla alipiga simu Kibondo, akaambiwa liko kiwandani. Akapiga tena, akaambiwa limefika Dar. Akapiga tena, likawa liko kwenye basi. Usiku hakulala vizuri na mchana chakula hakikushuka. Aliogopa kwamba halitafika, na kulikuwa na saa aliogopa kwamba litafika.

Firdausi alilileta mwenyewe kwa bodaboda. Hakukubali hata maji ya kunywa. Alimkabidhi Maximilla mfuko, akasema babu anawasalimia, akaondoka bila kumtazama machoni.

Bazilio alikuwa ameusikia mlio wa pikipiki. “Soma,” akasema kutoka chumbani.

Hapakuwa na nafasi ya kulipitia kwanza. Maximilla alinawa, akajifuta, akachana nailoni. Kava lilikuwa zuri, asiseme uongo mtu. Lilinukia wino mpya, na maneno yalianza kwa namna iliyomfanya asahau kwa muda alichokuwa akikitafuta. “Msikilizaji mpenzi, tumezeeka, lakini wewe ukishusha sindano hatujazeeka.” Kulikuwa na habari mpya pia, jinsi walivyokula muhogo wa kuchoma nje ya studio, jinsi Nurudini alivyofunika kipaza sauti kwa soksi yake mwenyewe ili sauti ilainike. Maximilla alisoma akitabasamu, na marehemu wakaingia mmoja mmoja, wakasikiliza habari zao. Nurudini alikubali kwamba soksi ilikuwa yake.

Kisha jicho lake likatangulia mdomo, likaona. Gitaa la solo lilikuwa la Hilali wa Kibondo, kama zamani. Na chini kabisa, kwenye herufi ndogo, baada ya mama ntilie, palichapwa hivi: “Shukrani kwa Bazilio wa Heru Juu, mtu mwaminifu, aliyetubebea vyombo bila kuchoka.”

Akakwama. Hasira ilimjaa.

“Endelea, Mama Aline.”

Maximilla hakuwahi kuruka neno wala kuongeza neno. Sasa alisafisha koo, akasoma: “Na hilo gitaa la solo, linalolia kama mtu aliyepotezana na ndugu yake mnadani, ni la Bazilio wa Heru Juu, ambaye tulimficha jina, na leo tunamrudishia.”

Reverien aliinamisha kichwa. Nurudini alijitia kutazama nje. Saady alitabasamu, hakuwa na namna.

“Soma tena,” Bazilio akasema.

Akasoma tena.

“Ameandika vizuri,” akasema Bazilio. “Nilikwambia atasema mwenyewe. Wewe huna subira.”

Maximilla alitoka uani, akaenda mpaka kwenye migomba asisikike, akampigia Mzee Hilali. Hakumsalimia.

“Si nimemtaja, shemeji?” Hilali akasema. “Akifa atakuja. Si ndicho mlichotaka?”

Maximilla akamwambia awapigie simu hao vijana, wabadilishe. Hilali akasema yameshachapwa, yako kwenye maboksi. Halafu sauti yake ikashuka, haikuwa tena ile ya dukani. “Ukinitoa kwenye solo,” akauliza, “mimi nikifa nitakuja kama nani?”

“Njoo kama mwandishi. Ndivyo ulivyo.”

“Nani aliwahi kumwita mwandishi wa nyuma ya kava?”

“Mimi ningekuita,” Maximilla akasema. “Nimekusoma tangu msichana. Kusoma kwenyewe nimejifunzia kwako.”

Ng'ambo kulisikika duka, mtu akiuliza bei ya misumari. Maximilla alingoja. Alitaka sana mtu yule aseme kitu, na alihisi kwamba naye anataka.

“Yameshachapwa, shemeji,” Hilali akasema, akakata.

Bazilio alikufa kabla maharage hayajaisha kupigwa, kwa amani, akiwa ameomba kusomewa mara nyingine tena na kusomewa. Alizikwa nyuma ya nyumba. Aline alikaa na mama yake mpaka matanga yakaisha, akarudi kwa mumewe. Siku aliyobaki peke yake, saa kumi, Maximilla alinawa mikono, akaifuta, akakaa kwenye benchi.

Alianza na kava la zamani. Watatu wakaja, wa nne hakuja. Akashika jipya, akalisoma kwa maneno yake mwenyewe, yale aliyomsomea mumewe, akayasema kwa nguvu mpaka wapita njia wakageuka. Hakuja mtu. Reverien, ambaye si msemaji, akamwambia kutoka ukutani, “Mama Aline, soma kilichoandikwa. Sisi wote tuliletwa na kilichoandikwa.”

Akasoma kilichoandikwa. Akafika kwenye herufi ndogo, akazisoma nazo, na Bazilio akaingia.

Amplifaya alikuwa nayo begani, spika ameikumbatia, gitaa limening'inia shingoni ndani ya mfuko wake. Uvimbe wa miguu ulikuwa umekwisha. Hakuhema, kwa sababu kava linasema bila kuchoka. Aliweka vyombo chini kwa uangalifu, akalitoa gitaa, akalifuta vumbi, akalilaza juu ya stuli tupu, kama mahali pa mpiga solo, ambaye kwa kava ni Mzee Hilali, aliye hai Kibondo na afya yake njema. Kisha akaenda kusimama kando ya mlango, pembeni, wanapokaa watu wanaongoja kutumwa.

Maximilla akashusha sindano, asiweze kufanya lingine. Solo likaanza, likaijaza nyumba. Vidole vya mkono wa kushoto wa Bazilio vilicheza kidogo juu ya suruali, vikaacha. Wenzake walitazama sakafu.

“Kaa, Baba Aline,” akasema Maximilla. “Hiyo ni sauti yako.”

“Siwezi kukaa. Bado kuna vingine nje.” Alimtazama kwa upole. “Siku ile ulinisomea vizuri,” akasema, akatoka kuchukua spika ya pili.

Maximilla alilia mpaka upande wa kwanza ukaisha. Akageuza santuri.

Tangu hapo anasoma kava jipya kila siku, lote, bila kuruka wala kuongeza. Sentensi ni tamu bado, na hilo humuudhi kuliko yote. Anapofika kwa mama ntilie husimama, kava mkononi, macho kwenye herufi ndogo, anatembea huku anasoma mpaka mlangoni, anaufungua wote na kuushikilia, kwa sababu anayekuja hana mkono wa kuusukumia.